Sauti Mbili Ndani ya Tishio Moja

Sajenti Erastus alikuwa ameshafunga jalada na kulikaza uzi wakati Inspekta Mwanamkasi alipomwambia amchezee ile sauti mara nyingine.

"Madam, tumeisikiza mpaka imechakaa," Erastus alisema. "Simu tumeipata kwa kabati ya madrasa. Mwalimu wa madrasa tuko naye kwa seli. Kesho ni kortini. Unatafuta nini tena?"

"Sitafuti. Nasikiza."

Mwanamkasi alisogeza upande wa mtandio wake, akatia visikizio masikioni. Sauti ilikuwa ya mwanamume aliyejiziba mdomo kwa kitambaa, nzito, ya kujikaza, kama ya mtu anayejifanya mzee kuliko umri wake.

"Jalila. Jana umesema yako bungeni. Ulimi wako umekuwa mrefu. Sisi nasi tutasema yetu, na wewe hutakuwapo kutujibu."

Basi. Hayo ndiyo maneno ambayo Mheshimiwa Jalila, mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, aliyakuta kwenye simu yake Jumatano asubuhi. Siku iliyotangulia alikuwa amesimama bungeni kutoa hoja, akasema yale ambayo watu wa Mikoroshini, mtaa ulio nyuma ya Junda, huyasema wakiwa wamefunga milango. Alisema vijana wanahadaiwa na kupelekwa kufia misitu ya watu. Alisema iko madrasa ambayo watoto huingia na juzuu wakatoka na chuki. Kisha akasema na polisi nao waje waeleze wale wanaowachukua majumbani huwapeleka wapi, kwa sababu haki haiwezi kudaiwa upande mmoja. Nusu ya wajumbe walimcheka. Nusu nyingine walimuuliza kama ameanza kampeni mapema.

Jumatano hiyohiyo kabla ya adhuhuri, mtu asiyejitaja jina alipiga simu kituoni akasema watafute kwenye kabati la madrasa ya Ustadh Luqman. Erastus alikwenda na wenzake, wakaikuta simu chini ya misahafu. Namba ilikuwa ileile. Luqman alitolewa darasani mbele ya wanafunzi wake, pingu mikononi.

"Nyuma ya hii sauti kuna adhana," Mwanamkasi alisema.

"Kisauni kila kona iko na msikiti, madam."

"Rudisha nyuma. Hapo. Umesikia? 'Assalatu khairum mina-nnaum.' Swala ni bora kuliko usingizi. Maneno haya hayasemwi adhuhuri wala magharibi. Ni ya alfajiri peke yake."

Erastus alikuwa mtu wa Meru, Mkristo, na miaka yake ya pwani ilikuwa michache, lakini kichwa chake hakikuwa kizito. Alifikiri kidogo. "Basi alirekodi alfajiri, akatuma asubuhi. Bado ni yeye."

"Huenda."

Lakini hakutoa visikizio. Baada ya maneno yale, adhana ilikatika ghafla, kama mtu aliyeshikwa koo. Kisha ikaendelea, safari hii nyembamba, bila mvumo, hata pumzi ya mwadhini ilisikika ikivutwa kabla ya kumalizia. Mwanamkasi aliirudia sehemu hiyo, akairudia tena. Hatimaye akavitoa visikizio na kuviweka mezani.

"Nitolee Luqman."

Ustadh Luqman alikuwa mtu mwembamba wa makamo, ndevu fupi, kanzu imeshika uchafu wa sakafu ya seli. Alitoa salamu kabla ya kukaa. Mwanamkasi akaijibu.

"Ustadh, jana alfajiri ulikuwa wapi?"

"Msikitini."

"Nani alikuona?"

"Dada yangu, alfajiri watu huja na usingizi wao, huenda wasikumbuke sura. Waulize walionisikia."

"Walikusikia ukifanya nini?"

"Nikiadhini. Mwadhini wetu kifua chamsumbua tangu mwezi wa Ramadhani. Siku hizi naadhini mimi."

Kalamu ya Mwanamkasi ilisimama, ikaendelea. Hakumwambia lolote juu ya alichokisikia. Alimuuliza jambo jingine. "Unamchukia Mheshimiwa Jalila?"

"Amenitukana mbele ya kaunti nzima bila kunitaja jina. Nilikasirika, wallahi nilikasirika. Lakini mengi aliyoyasema ni kweli. Kuna mtu huenda kule machimboni Mwakirunge, huwakalisha vijana, huwapa chakula, huwaonyesha picha za vita. Wawili walikuwa wanafunzi wangu. Nilikwenda ofisini kwa Mheshimiwa kumweleza. Nikaambiwa hayupo. Nikarudi, hayupo. Mara ya mwisho nikaambiwa nisionekane pale tena."

"Na nani?"

"Msaidizi wake. Ismail."

"Na kwetu mbona hukuja?"

Luqman alimtazama, akatazama pingu zake, kisha akamtazama tena. "Ungekuwa wewe, ungekuja?"

Mwanamkasi aliagiza afunguliwe pingu, apewe maji, arudishwe seli.

*

Mzee Changawa, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, hakuwakaribisha. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye mwimo, akawatazama miguuni.

"Jana mlikuja na viatu," alisema.

"Shikamoo mzee," Mwanamkasi alisema. Alikuwa ameshavua vyake, na Erastus naye alikuwa akihangaika na kamba za buti.

"Marahaba. Jana hamkunipa shikamoo. Mlinisukuma."

"Mzee, sikuja kuwatetea wenzangu. Nimekuja kukusikizisha kitu."

Alimchezea mwisho wa rekodi tu, pale tishio lilipokwisha na adhana ikabaki peke yake. Mzee Changawa hakungoja ifike mwisho.

"Huyo si Luqman? Sasa adhana nayo ni kosa?"

"Una hakika?"

"Mimi naswali nyuma ya mtu huyu kila siku Mungu aliyoileta, wewe waniuliza kama namjua? Tena hiyo ni ya jana, Jumatano. Sikiza hapo, stima imepotea katikati, kipaza sauti kikafa, akamalizia kwa mdomo mtupu. Msikiti mzima ulikuwa giza. Twatafuta viatu kwa kupapasa."

Mwanamkasi alimgeukia Erastus. Sajenti alikuwa amesimama na buti moja mkononi.

"Mtu mmoja hawezi kuadhini na kutisha kwa pumzi moja," Erastus alisema taratibu.

"Hawezi. Sasa tujue aliyetisha alikuwa amesimama wapi."

Alizunguka msikiti. Kushoto palikuwa na makaburi. Nyuma palikuwa na kiwanja cha mpira. Mbele barabara, na ng'ambo ya barabara safu ya maduka. Kulia, karibu kiasi cha mtu kuweza kugusa kuta mbili kwa mikono miwili, lilisimama jengo la ghorofa moja. Chini kulikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Juu palikuwa na bango lenye picha ya mwanamke anayetabasamu: OFISI YA MHESHIMIWA JALILA. MLANGO UKO WAZI.

Alasiri ilikuwa imekaribia. Mwanamkasi alimwomba Mzee Changawa jambo moja: adhana ya alasiri iadhiniwe bila kipaza sauti. Mzee alinung'unika, akakubali aliposikia kuwa huenda ikamsaidia Luqman. Erastus alipanda ofisini, akasema amekuja kumsubiri Mheshimiwa, akaomba akae chumba cha nyuma, chenye dirisha lisilo na vioo linaloelekea msikitini. Mwanamkasi alivuka barabara, akasimama kwa muuza viazi karai, simu yake ikiwa inarekodi.

Kutoka ng'ambo ya barabara alisikia adhana kwa mbali. Alijua yasemwayo kwa sababu aliyajua tangu utotoni, lakini pumzi ya mwadhini haikumfikia. Alfajiri kungekuwa kimya zaidi, hilo aliliweka akilini. Erastus aliposhuka na kumpa simu yake, hakukuwa tena na la kubishania. Ilikuwa palepale: sauti nyembamba, mwangwi wa chumba kitupu, na pumzi ikivutwa kabla ya neno la mwisho. Ungedhani ni rekodi ileile.

"Funguo za ofisi ziko kwa nani?" aliuliza.

"Nimeuliza kwa upole tu. Kwa Mheshimiwa mwenyewe na huyu kijana wake. Na kuna godoro huko nyuma, madam. Ismail hulala hapo."

*

Mheshimiwa Jalila alikuwa amefika na walinzi wawili aliopewa tangu tishio lile. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu wa sura, ingawa siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Aliwaacha walinzi nje, akawakaribisha kahawa. Mwanamkasi akakataa.

"Mheshimiwa, nataka nizungumze na Ismail. Nawe uwepo."

Ismail aliitwa. "Naam," aliitika kutoka chumba cha nyuma, akaingia akifuta mikono. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni.

"Usiku wa kuamkia jana ulilala wapi?"

"Hapa."

"Ukaamka saa ngapi?"

"Kama kawaida. Nikaenda kuswali."

"Wapi?"

"Hapo chini."

"Basi ulimsikia Ustadh Luqman akiadhini."

"Nilimsikia."

"Kulitokea nini kwenye adhana?"

Ismail alipepesa macho. "Hakukutokea kitu. Adhana ni adhana."

"Taa zilikuwa zikiwaka msikitini?"

"Zilikuwa zikiwaka."

"Zilikuwa zimezimika, Ismail. Walioswali walitafuta viatu gizani. Hukwenda kuswali."

Mwanamkasi aliiweka simu mezani, akaifungulia. Sauti ya mwenye kujiziba mdomo ikasema yake, na nyuma yake adhana ikapaa, ikakatika, ikaendelea kwa mdomo mtupu. Kisha akacheza ile ya Erastus. Mheshimiwa Jalila alizisikiliza zote mbili. Mwisho wa ya pili aligeuka akatazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Anayeadhini hapo ni Luqman," Mwanamkasi alisema. "Aliyekuwa akitisha alikuwa kwenye dirisha lako. Na aliyetupigia tutafute kabatini alijua tutakachokikuta. Ismail, hukuisikia hiyo adhana ulipokuwa ukirekodi?"

Ismail alikaa bila kuambiwa akae. "Nimezaliwa nyuma ya msikiti ule. Siisikii tena."

"Ismail," Jalila alisema.

"Walikucheka, dada! Ulisimama ukasema kweli, wakakucheka. Nilikuwa juu kule wanakokaa wageni, nawaona. Mmoja alikuwa analala. Nikasema, hawa mpaka waogope."

"Na Luqman amekukosea nini?" Mwanamkasi aliuliza.

"Ahmad alisoma kwake." Sauti ya Ismail ilipungua. "Ndugu yangu. Alitoka pale darasani akaenda, hakurudi. Alimpigia mama mara moja tu, kutoka mahali pana upepo, akamwambia asimngoje. Mama akawa kila simu ikilia anakimbia. Mpaka alipokufa alikuwa anakimbilia simu. Luqman yuko pale, anafundisha watoto wengine, anasalimiwa njiani. Nani alimuuliza? Nyinyi mlimuuliza?"

"Alikuja hapa kumtaja anayewachukua vijana," Mwanamkasi alisema. "Wewe ndiye uliyemfukuza."

"Nilidhani anataka kujisafisha."

"Alikuja?" Jalila alikuwa amesimama. "Luqman alikuja hapa kwangu?"

Ismail alitazama kalamu zake.

"Kuna mtu huko Mwakirunge," Mwanamkasi alisema, "anaendelea na kazi yake leo hii. Jina la mtu huyo lingekufikia tangu mwanzo. Halikupita huu mlango."

Jalila alikwenda dirishani. Chini watu walikuwa wakitoka msikitini, wengine wakiinua macho kutazama bango lake. Aliongea bila kugeuka. "Hoja yangu inapigiwa kura Jumanne."

"Ukilitoa hili nje, hoja imekufa," Ismail alisema. "Watasema yote ulijitungia mwenyewe. Na vijana, na misitu, yote. Watacheka mpaka walie."

"Nani mwengine anajua?" Jalila alimuuliza Mwanamkasi.

"Mimi na Sajenti."

"Na nikikuomba..."

"Omba, Mheshimiwa."

Erastus alikohoa, akatazama sakafu. Mwanamkasi alisimama tu, simu mkononi, kama mtu anayengoja lifti.

"Twende kituoni," Jalila alisema mwishowe. "Nilimhukumu mbele za watu. Nimtoe mwenyewe."

Erastus alimtia Ismail pingu. Ngazini, Ismail alimwambia kwa sauti ndogo asimshike mkono, atatembea mwenyewe.

*

Seli ya tatu ilikuwa wazi na tupu. Kipande cha gazeti alichokuwa amekalia Luqman kilikuwa bado kimetandikwa pembeni, na gilasi ya maji ilikuwa imejaa.

Mwanamkasi alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kituo. Jerioth alikuwa mama wa Nyeri aliyekaribia kustaafu, mpole kwa kawaida. Alikuwa ameketi mbele ya chai iliyokwisha kupoa.

"Luqman yuko wapi?"

"Wamemchukua."

"Akina nani?"

"Wenzetu. Wa kule juu. Walikuja na gari yao, ukiwa huko Mikoroshini."

"Wenzetu gani? Walikuwa na amri ya korti?"

"Mwanamkasi, hao watu hawaulizwi hiyo maneno. Walionyesha vitambulisho, mimi nikafungua mlango. Wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza wanampeleka wapi."

"Niliuliza." Jerioth alizungusha kikombe. "Mmoja akaniambia nimekaribia kustaafu, nistaafu vizuri."

"Hana hatia. Nina ushahidi, nina mtu aliyekiri, yuko hapo nje na pingu."

"Basi ni vizuri. Andika ripoti."

"Ripoti nimpelekee nani? Mwenyewe yuko wapi?"

Nje, Jalila alikuwa ameshasikia. Alikuwa na simu sikioni, akipiga namba moja baada ya nyingine: mbunge, kamishna, mtu fulani wa Nairobi aliyewahi kumwahidi msaada. Kila alipotaja jina la Luqman, upande wa pili walikuwa na mkutano. Ismail alikuwa ameteremka taratibu mpaka sakafuni, mgongo ukutani, mikono iliyofungwa imelala mapajani. "Nilitaka ashtakiwe," alikuwa akisema, bila kumlenga mtu. "Nilitaka kesi. Mbele ya hakimu. Wallahi sikutaka hivi."

Hapo ndipo alipoingia mwanamke wa buibui, akitembea kwa heshima yake. Mkononi alining'iniza kanzu nyeupe kwenye hanga, imefunikwa kwa mfuko wa plastiki isipate vumbi. Alikuwa Asmaa, mke wa Luqman. Aliwasalimia wote kwa jumla, akaenda kaunta.

"Mliniambia kesho mwampeleka kortini," alimwambia konstebo. "Nimemletea nguo. Asisimame mbele ya hakimu na ile aliyolalia."

Konstebo alimtazama Mwanamkasi, kisha akatazama mlango wa mkuu wake uliokuwa umefungwa nusu. Akanyoosha mkono juu ya kaunta, akaipokea kanzu.

"Atapata, mama," alisema.

"Mrudishie," Mwanamkasi alisema.

Konstebo aliganda, hanga mkononi.

"Nimesema mrudishie nguo yake."

Asmaa aliipokea. Aliwatazama mmoja mmoja, uso ukianza kubadilika, na macho yake yakatua kwa Jalila, ambaye alikuwa ameishusha simu.

"Asmaa," Jalila alisema. Sauti yake haikuwa ile ya bungeni. "Mumeo hayuko hapa. Wamemchukua, na hapa hakuna anayejua wamempeleka wapi. Na lile tishio hakulitoa yeye. Lilitoka ofisini kwangu. Kwa mtu wangu."

Asmaa alimtazama Ismail pale chini. Hakumsogelea, wala hakupiga kelele. Aliikunja kanzu katikati, pamoja na mfuko wake, akaikumbatia kifuani.

"Utalisema hilo kule bungeni?" aliuliza. "Kwa sauti ileile uliyosemea lile la kwanza?"

"Nitalisema."

"Watu watakuwa wameshasahau alikuwa nani."

Mwanamkasi alizunguka kaunta. Alikisukuma kitabu cha matukio mbele ya konstebo, akamtilia kalamu mkononi. "Andika. Taarifa ya mtu aliyepotea."

"Madam, lakini mkubwa..."

"Andika. Mlalamikaji, mkewe. Shahidi, Mheshimiwa Jalila, na mimi. Jina la aliyepotea, Luqman."

Mlango wa Jerioth ulifunguka. Alisimama kizingitini na kikombe chake, asiseme neno la kuwazuia wala la kuwaruhusu. Konstebo aliandika.

"Mahali alipoonekana mara ya mwisho?" aliuliza, kwa mazoea ya kazi.

"Hapa kituoni."

Kalamu ilisita. "Akiwa na nani?"

Asmaa aliinua uso akingoja jibu. Erastus aligeukia ukuta. Mwanamkasi alimtazama Jerioth, na Jerioth akayainamisha macho kwenye chai yake.

"Andika: na sisi."